Andazi la Pili: Historia Fupi ya Kumfundisha Mtoto Kusubiri



Jumapili ya Kipaimara mwaka huu, Misa ilipokwisha na Baba Askofu akiwa ameingia nyumbani kupumzika kidogo kabla ya chakula, kulitokea jambo dogo karibu na jiko letu ambalo hadi leo limekataa kuniondoka moyoni. Akina mama walikuwa wamekaanga maandazi tangu alfajiri, na harufu yake ilikuwa imefika mpaka altareni. Watoto wadogo wapatao 40 waliketishwa chini ya mwembe, wakaambiwa hivi: "Subirini kwanza wageni wale. Atakayetulia atapata maandazi mawili na soda." Ahadi ilikuwa nzuri, nami nilipita pale nikaitikia kwa kichwa.

Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka sita hivi, anayelelewa na bibi yake, hakusubiri. Aliinuka, akalifikia sinia, akachukua andazi moja, akakimbia nalo nyuma ya sakristia. Alipopatikana alikuwa amekwisha kulimaliza, sukari ingali mdomoni. Mzee mmoja alikwisha anza kutafuta kijiti. Mimi nilimzuia, nikajiona mpole sana, kisha nikamtolea mtoto yule mahubiri mafupi: mstahimilivu hula mbivu, mwanangu, subira yavuta heri. Mnaijua orodha yote.

Ndipo bibi yake akaja. Nilimpa shikamoo, akaiitikia, akasimama kitambo huku akikunja pembe ya khanga yake. "Baba," akasema, "unisamehe nikisema. Mwaka jana mlimwambia maneno haya haya. Alikaa chini ya mwembe huu huu mpaka jua likazama. Wageni wakala, waliobaki nao wakala, sinia likaja tupu. Alirudi nyumbani hajatia kitu kinywani. Huyu hakukosa subira, Baba. Huyu anakumbuka."

Sikuwa na jibu. Jioni ile niliketi na vitabu vyangu nikitafuta lile ambalo watu wenye elimu wameandika juu ya mtoto na kusubiri, nikakuta kwamba historia ya jambo hili ni ndefu na yenye mikunjo mingi, na kwamba bibi yule asiye na shahada alikuwa amefika mapema mahali ambapo wataalamu walifika baada ya zaidi ya nusu karne. Leo ningependa niwasimulie.

Jina linalotajwa kila mara katika habari hii ni la Walter Mischel. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1930, katika familia ya Kiyahudi. Wanazi walipoitwaa nchi hiyo mwaka 1938 familia yake ililazimika kukimbia, na hatimaye wakafanya makazi Brooklyn, New York. Akawa mwanasaikolojia. Katikati ya miaka ya 1950, angali kijana, alikwenda kufanya utafiti katika kisiwa cha Trinidad, na huko akasikia masengenyo ya aina ambayo sisi sote tunaifahamu. Kijijini waliishi watu wa asili ya Kiafrika na watu wa asili ya Kihindi. Wahindi walisema Waafrika wanaishi kwa ajili ya leo tu, hawajui kesho. Waafrika walisema Wahindi wanalimbikiza fedha chini ya godoro, hawajui kufurahia maisha. Mischel hakutaka kubishana na yeyote kati yao. Aliingia shuleni, akawapa watoto wa miaka saba hadi tisa uchaguzi rahisi: peremende ya senti moja sasa hivi, au ya senti kumi wiki ijayo.

Kwa kuangalia juu juu, masengenyo yale yalionekana kuwa na ukweli ndani yake. Watoto wa asili ya Kihindi walielekea kungoja peremende kubwa, na wengi wa asili ya Kiafrika wakachukua ile ndogo mara moja. Lakini Mischel aliuliza swali moja zaidi: nyumbani kuna baba? Hapo picha ikabadilika. Watoto ambao baba zao hawakuwapo nyumbani ndio hasa waliochukua ya senti moja, na katika kijiji kile watoto wa namna hiyo walikuwa wengi upande mmoja kuliko mwingine. Maelezo yake yalikuwa haya: mtoto ambaye hajawahi kuishi na mwanamume mtimiza ahadi, kwa nini amwamini mwanamume mgeni, tena mzungu, anayesema atarudi wiki ijayo na peremende? Makala yake ya kwanza juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1958.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu dunia ililiacha kando karibu mara moja.

Mwaka 1962 Mischel alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California. Miaka minne baadaye ilifunguliwa hapo chuoni shule ya chekechea iitwayo Bing, yenye vyumba vidogo vya uchunguzi ambavyo mtu aweza kuwatazama watoto kupitia kioo naye asionekane. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya kwanza ya 1970, Mischel na wenzake waliwapitisha mamia ya watoto katika vyumba vile, wengi wao wa umri wa miaka minne na mitano. Kila mtoto aliketishwa mezani mbele ya kitu anachokipenda: biskuti, au peremende nyeupe laini zinazobonyea kama pamba. Akaambiwa: mimi natoka, ukingoja mpaka nirudi mwenyewe, utapata viwili, usipoweza kungoja, gonga kengele hii, nitarudi upesi, lakini utapata kimoja tu. Kisha mlango ukafungwa. Muda mrefu kabisa ulikuwa dakika 15 au karibu na hapo, na kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni Kwaresima nzima.

Jambo moja lasahauliwa na wengi wanaosimulia jaribio hili. Kabla ya kuanza, mtafiti alicheza na mtoto mchezo mdogo: alitoka nje, mtoto akagonga kengele, naye akarudi papo hapo. Wakarudia. Yaani mtoto alihakikishiwa kwa macho yake mwenyewe kwamba mtu huyu akisema atarudi, hurudi. Ndipo akaombwa kusubiri.

Na walionekana mambo ya kuchekesha na ya kustaajabisha. Kuna waliojifunika macho kwa viganja. Kuna walioimba, waliozungumza peke yao, waliocheza kwa vidole vya mikono na miguu, na hata waliojaribu kulala usingizi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1970 na Mischel pamoja na Ebbe Ebbesen, watoto waliokuwa na vyakula vyote viwili mbele ya macho walingoja kwa wastani wa dakika moja tu; wale ambao vyakula vyao viliondolewa machoni walingoja kwa wastani wa dakika 11 na ushei. Watafiti wenyewe walitazamia kinyume chake. Walidhani kwamba kuiona zawadi kungemtia mtoto moyo. Kumbe kulimmaliza nguvu. Jaribio lililofuata, la mwaka 1972, lilionyesha kwamba mtoto akielekezwa kuwaza mambo ya kufurahisha hungoja kwa muda mrefu, na akielekezwa kukiwaza chakula chenyewe huchoka upesi, hata kama chakula hakionekani.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa maana mama zetu waliyajua bila kioo cha siri. Nakumbuka jioni za utotoni, maharage yakiwa mekoni na hayataki kuiva, sisi tukiwa tumezunguka moto kama vifaranga. Mama hakusema "vumilieni." Alikifunika chungu, na kile kilichokwisha kuiva alikiweka chini ya kawa, pembeni, gizani. Kisha bibi akaanza: "Kitendawili!" Nasi tukapaza sauti: "Tega!" Tuliposhindwa kukitegua alidai mji, tukampa mji, akaenda akarudi, akatupa jibu, akatega kingine. Zikaisha vitendawili, zikaja hadithi, na sungura hakuwa amemaliza ujanja wake chakula kilipopakuliwa. Nilidhani siku zote kwamba hadithi zile zilikuwa za kutufundisha maadili. Siku hizi nafikiri, pamoja na hayo, zilikuwa za kuyangoja maharage. Mzazi aliyekwama na watoto stendi, basi limechelewa saa mbili, angefanya vizuri kuikumbuka hekima hiyo kabla ya kuwaambia watulie, huku mfuko wa karanga ukining'inia mbele ya pua zao.

Lakini si hili lililompa Mischel umaarufu. Binti zake watatu walisoma katika chekechea ile, na miaka ilipopita alikuwa akiwauliza mezani habari za wenzao wa zamani. Akaanza kuona kana kwamba waliongoja zaidi wakiwa wadogo ndio waliofanya vizuri shuleni. Yeye na wenzake waliwafuatilia, na makala za mwaka 1988 na 1990 zikaeleza kwamba kweli palikuwa na uhusiano. Mwaka 1995 kitabu cha mwandishi wa habari Daniel Goleman juu ya akili ya hisia kiliisambaza habari hiyo duniani kote, na tangu hapo ikageuka karibu kuwa unabii: mpe mtoto wa miaka minne peremende, utajua atakuwa nani. Walimu wakaihubiri, makocha wa biashara wakaihubiri, na nakiri kwamba hata mimi niliwahi kuitumia katika semina ya wazazi, nikiwa na uhakika mwingi kuliko niliostahili.

Waliofuatiliwa walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa watoto wa maprofesa na wanafunzi wa Stanford. Mischel mwenyewe alionya mara kadhaa kwamba matokeo yale yasichukuliwe kama ramli. Mwaka 2018, mwaka ule ule aliofariki, Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 900 kutoka familia za hali mbalimbali. Uhusiano kati ya kungoja na kufaulu baadaye uliendelea kuonekana, lakini ulikuwa kama nusu ya ule wa awali. Na walipozingatia hali ya nyumbani, elimu ya mama na uwezo wa mtoto mwenyewe, sehemu kubwa ya uhusiano uliobaki nayo ikatoweka. Ama kweli! Tulikuwa tukiwapima watoto wa watu maskini kwa mizani iliyotengenezewa nyumba ambamo kabati la chakula halijapata kuwa tupu.

Sasa nifike kwenye utafiti ambao ulinifanya nimkumbuke bibi yule. Mtafiti Celeste Kidd, kabla hajawa mwanasayansi, alifanya kazi ya kujitolea katika makao ya familia zisizo na nyumba huko California. Aliwaona watoto waliokuwa wakiishi mahali ambapo kitu chako chaweza kuchukuliwa na mwingine wakati wowote, akajisemea kwamba watoto wale wangeila peremende mara moja, wala wasingekuwa wajinga kwa kufanya hivyo. Mwaka 2013, akiwa Chuo Kikuu cha Rochester, yeye na wenzake walichapisha jaribio la watoto 28. Kwanza kila mtoto alipewa rangi za kuchorea zilizochakaa, akaahidiwa kwamba akingoja kidogo ataletewa nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa. Nusu nyingine mtafiti alirudi mikono mitupu, akasema samahani, kumbe hazipo. Mchezo ukarudiwa kwa picha za kubandika, matokeo yakawa yale yale. Baada ya hapo ndipo ikaja peremende.

Watoto ambao ahadi zao zilitimizwa walingoja kwa wastani wa dakika 12. Wale waliodanganywa mara mbili walingoja dakika tatu. Katika kundi la kwanza watoto tisa kati ya 14 walifika mwisho. Katika kundi la pili, mmoja tu kati ya 14. Watoto walikuwa wa aina moja, siku moja, katika chumba kimoja. Tofauti ilikuwa mtu mzima mmoja na maneno yake ya dakika chache zilizotangulia.

Hapo niliweka kitabu chini, nikaanza kuhesabu. Watumishi wangu wa altare niliwaahidi safari ya kwenda ziwani baada ya Pasaka. Mfuko haukutosha, nikaiahirisha mpaka Utatu Mtakatifu. Gari likaharibika, nikasema Agosti. Agosti sikusema kitu. Hakuna aliyeniuliza, nami nikafikiri wamesahau. Mwezi Septemba nikalalamika mimbarini kwamba vijana wa siku hizi hawana subira.

Wako watakaosema: mbona Kanisa lenyewe limewangojesha watu, hata watoto? Ni kweli, na historia yetu ya Afrika Mashariki ina mfano ambao hauna budi kutajwa. Mapadre Weupe walipofika Buganda mwezi Februari 1879, mwanzilishi wao Lavigerie alikuwa ameweka sheria ya ukatekumeni wa miaka minne. Hapakuwa na ubatizo wa haraka. Kisha mwezi Novemba 1882 mapadre wenyewe wakaondoka, kwa hofu ya hali ya mambo katika ikulu ya Kabaka Mutesa, wakavuka kuja upande wa kusini mwa ziwa, ambako mwaka 1883 walianzisha misheni ya Bukumbi, si mbali na Mwanza ya leo. Hawakurudi Buganda mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila padre, na wanafunzi wao wengi walikuwa vijana wa kuhudumu ikulu, baadhi yao watoto kabisa.

Kwa kanuni ya peremende, wangetawanyika. Walipomrudia Padre Lourdel, ambaye watu walimwita Mapera, walikuwa wameongezeka. Sababu yake haifichiki: hawakungoja peke yao. Miongoni mwao walikuwapo wakubwa kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, walioendelea kuwafundisha na kuwalinda, na ambao neno lao lilikuwa neno. Mukasa alipouawa Novemba 1885, Karoli Lwanga alichukua nafasi yake kwa wale wadogo. Mdogo kuliko wote, Kizito, mwenye umri wa miaka kama 14, alikuwa akiomba ubatizo, na masimulizi yanasema Mapera alimwambia angoje kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, ilipokuwa dhahiri kwamba muda hautakuwapo tena, Lwanga alimbatiza kwa mkono wake mwenyewe pamoja na wenzake kadhaa. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Nimesikia wahubiri wakimsifu Kizito kwa uvumilivu wake, na ni haki. Mimi humfikiria pia Lwanga, aliyejua saa ambayo kumngojesha mtoto kunakuwa kosa.

Kwa maana kosa hilo lipo, na Kanisa limewahi kulifanya na kulikiri. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulisema kwamba mwamini akifikia umri wa kupambanua apokee Ekaristi. Karne zilipopita, desturi ikausogeza umri huo mbele: mahali pengine miaka 10 au 12, pengine 14 na kuzidi. Tarehe 8 Agosti 1910, kwa hati iitwayo Quam singulari iliyotolewa kwa agizo la Papa Pius X, Roma ilitamka kwamba umri huo ni wa miaka saba hivi, na kwamba kuwacheleweshea watoto kumeleta madhara. Yaani kwa muda mrefu watoto waliketishwa chini ya mwembe, na walioketisha ndio waliosahau kwa nini. Si kila kungoja tunakowapa watoto kuna sababu. Kwingine ni uzito wetu sisi wa kuinuka.

Kuna mambo mengine mawili niliyoyapata, ambayo nayataja kwa sababu yanatugusa sisi Waafrika. Mjerumani Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio la Mischel kwa watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun, wakawalinganisha na watoto wa Kijerumani. Kamerun hawakutumia peremende, walitumia kitumbua cha kukaangwa cha huko, ndugu wa andazi letu. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Wanso walingoja mpaka mwisho. Kwa Wajerumani ilikuwa chini ya asilimia 30. Watoto wa Kijerumani walihangaika, wakaimba, wakazunguka chumba. Wanso waliketi, na baadhi yao walisinzia pale pale kitini. Mwaka 2022 utafiti mwingine ulilinganisha watoto wa Japani na wa Marekani: wa Japani walingoja zaidi palipokuwa na chakula, wa Marekani walingoja zaidi palipokuwa na zawadi iliyofungwa kwa karatasi. Kila mmoja alijua kungojea kile ambacho kwao hungojewa, Wajapani meza mpaka wote wapate, Wamarekani zawadi mpaka siku yake ifike.

Ningeweza kuishia kwa Wanso tukajipongeza. Sifanyi hivyo. Utii wa mtoto wa Kiafrika naujua kwa ndani, nimelelewa nao, na najua kwamba sehemu yake ni imani kwa mkubwa na sehemu yake ni woga wa kijiti. Kwa mtu anayetazama kupitia kioo, mambo hayo mawili yanafanana: mtoto ametulia, mikono magotini. Yanatofautiana pale mkubwa anapotoka chumbani na kengele haipo. Mtoto yule wa Kipaimara alikuwa ametulia kabisa mwaka jana. Kila mtu alimsifu. Ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba hakula.

Juma lile baada ya Kipaimara nilimwomba bibi ruhusa, nikaongea na mjukuu wake. Nilimwambia kwamba mwaka jana kosa lilikuwa letu, na kwamba Jumapili itakayofuata, baada ya Misa ya pili, nitakuja kwao na maandazi mawili. Alinitazama kama mtu anayetazama anga la Februari akiulizwa kama mvua itanyesha. Hakuuliza lolote.

Jumapili ile mvua ikanyesha kweli. Misa ya pili ilichelewa kwisha kwa sababu ya matangazo ya harambee, na nilipotoka sakristia korongo lililo kati ya kanisa na kwao lilikuwa limejaa. Kijana wa bodaboda alinishauri tuahirishe. Nilivaa mabuti ya kulimia, nikazunguka kwa daraja la juu, mwendo wa saa nzima, maandazi yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Nilimkuta ameketi mlangoni, uso kwa njia. Bibi alisema alikuwa pale tangu kengele ya Misa ya pili, na kwamba alikataa kuingia ndani kula uji.

Aliyachukua maandazi yote mawili, akayageuza upande huu na upande huu. Moja alilila pale pale. Kisha akaniuliza kama nitakuja tena Jumapili ijayo. Nilimwambia hapana, Jumapili ijayo nina Misa kigango cha mbali, siwezi. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa, Baba," akaingia ndani na lile la pili.

Safari ya watumishi wa altare kwenda ziwani ni Jumamosi tarehe 14, saa 12 asubuhi. Gari limekwisha lipiwa.